Kompyuta Inahurumia Nani?

Tulikuwa tunapanda kilima toka Kailo kuja Kindu, jeep ya Yannick ikawasha taa ya manjano na kukataa kukimbia. Mbele yangu alikaa Mama Ramla, mjukuu wake mapajani, anachemka homa.

“Mwanangu, kanyaga,” akamwambia Yannick kwenye usukani.

“Nimekanyaga, mama. Mguu wangu unaomba tu. Kompyuta njo inapima motere ya gari, njo inachagua vitesi, gia zote. Imeona bwate, sanduku ya vitesi, iko na moto sana, inatupunguzia mbio isiungue.”

Nikashika rozari. Kuomba bila kujibiwa upesi, hilo nalijua.

“Wakati wa vita,” akasema Mama Ramla, “dereva wetu alikanyaga mpaka bwate ikaungua. Gari ilikufa, sisi tukapona. Hii yako inahurumia chuma ao mutoto?”

“Ikifia hapa porini, mama, mutoto utamubeba kwa miguu.”

“Nilishabeba wengine.”

Wakabishana hivyo, polepole kama gari yenyewe, mpaka mlango wa hospitali. Mama Ramla akashuka na mtoto, akainama dirishani.

“Usiizime. Wakitutuma hospitali ingine, sitaki tuanze kuibembeleza iwake.”

Yannick akaondoa mkono kwenye ufunguo.