Kigari cha Mapacha

Asubuhi ile benchi letu la kahawa lilipata wageni wawili wenye magurudumu. Fundi Saa alikuwa ameviazima duka la ng'ambo ya barabara: vigari viwili vya kusukuma mapacha, kimoja kipana, kingine chembamba chenye kiti mbele na kiti nyuma. Achague kimoja kabla ya saa sita. Kesho yake mkewe anasafiri kwa basi na wanawe wa miezi kumi kwenda kumuuguza mama yake, na Fundi haachi kibanda chake cha saa kwa lolote. Mimi nilivipenda vyote, sioni haya kusema.

— Chukua kipana, alisema Injinia, ambaye shule aliiacha mapema lakini hakuna chombo asichokijua. Cheki springi hizo. Kinapita kwenye mawe, mtoto haamki.

— Kipana utakipitisha mlango gani? aliuliza Dereva, mstaafu wa malori. Chembamba hiki, kona unaikata kwa kidole.

Akakisukuma hadi mtaroni na kurudi, kwa kidole kweli. Tukampigia makofi.

— Kikiwekwa mwavuli mkubwa, alisema Injinia, upepo unakisukuma wenyewe. Mama anafuata nyuma, mikono mfukoni.

— Na taa mbele, alisema Dereva. Watu watampisha wakidhani ni msafara wa waziri.

Fundi akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akabonyeza hapa, akavuta pale, kile chembamba kikajikunja kikawa kama mkoba.

— Aliyebuni hiki ana watoto, alisema Dereva, tena ana huruma.

— Basi ni hiki, alisema Fundi. Hata nisipokuwepo, mke wangu hatapata taabu.

Dada wa tiketi za basi, rafiki wa mkewe, alikuwa amefika kuchukua kahawa. Akakizunguka kigari.

— Kizuri, shemeji, kizuri kweli. Ila basini hakiingii kikiwa wazi, lazima kikunjwe kiende kwenye buti. Wakati anakunja, watoto atakuwa amewashika nani?

Injinia akachungulia kikombe chake. Dereva akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Fundi akakikunjua kigari taratibu.

— Shemeji, siti ya pembeni ya mke wangu ina mtu?

— Bado.

— Niandikie mimi.