Tata Ntambwe Stany, Mpishi Aliyechorwa kwa Wino (1953–2025)

Tata Ntambwe Stany alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa mchimbaji aliyetoka Kasai kufuata kazi. Alisoma hadi mwaka wa nne wa msingi. Baba yake akafariki, na shule ikaishia hapo. Mjomba wake, mpishi wa misheni kule Kasaji, akamchukua na kumfundisha jikoni.

Kuanzia 1974 alipika kwa injinia mmoja wa migodi, miaka kumi na saba. Madame wa nyumba hiyo alipenda kuchora, na siku moja ya 1986 akamsimamisha mbele ya kalamu ya wino. "Stany, usitikisike!" Naye: "Madame, muchuzi itaungua!" Ndiyo maana katika picha ile uso umekamilika, tabliye, ile aproni ya jikoni, imekamilika, lakini mkono wa kulia ni mistari tu. Madame alicheka sana, akampa picha.

Alimwoa Mama Mushiya tarehe 8 Julai 1978, wakajaliwa Dady na Charlotte. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa huku, walilazimika kupanda treni ya Kasai na wenzao wengi. Picha za harusi zilibaki nyumbani, zikapotea. Ile ya wino Mushiya aliifunga ndani ya kikwembe, kitenge chake. Waliporudi 1999 walianza upya na sufuria mbili, na jamani, walichoka.

Kifua kilimshika 2022. Mushiya alimwosha, alimlisha, alimgeuza kitandani, mpaka tarehe 3 Mei 2025 alipokata roho nyumbani, Manika.

Picha za simu zote zilikuwa za ugonjwa, hivyo kwa programu ya mazishi ikachaguliwa ya wino. Dady akataka studio ya mjini imvalishe baba koti na kravati juu ya tabliye, kama wanavyofanyiwa marehemu wengi siku hizi. "Mama, bantu batatucheka." Mushiya hakuwa na nguvu ya kubishana. "Fanya tu." Lakini programu zilipoletwa, alilia kwa hasira.

"Ule ni nani? Mi nimechoka, Dady, lakini sijapofuka. Muniletee bwana yangu! Siwezi kuzika bwana ya mungine."

Dady alirudi studio, picha ikarudishwa ilivyochorwa. Hizi programu mlizoshika zimechapishwa leo asubuhi, wino haujakauka vizuri. Zikiwachafua vidole, mtuwie radhi.

Ameacha mjane, Mama Mushiya. Watoto, Dady na Charlotte. Na wajukuu sita.

Keti sasa, Tata Stany. Bwana akupokee. Wapike wengine.