Mangi Chome, Mwandika Meza wa Diani

Mchungaji wetu, wazee wa mbari, majirani wa Kinango, nanyi wenzake marehemu mliotoka Diani, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Anayewasomea ni Rai Chome, mdogo wake, na atasoma bila kuruka, kwa sababu tangu juzi hapa matangani kumesemwa kwamba Kanze, mjane, alimwondolea mumewe chakula kitandani, na kwamba jicho lake ni kavu. Basi sikilizeni hadi mwisho, ndipo mhukumu.

Marehemu alizaliwa hapa Kinango tarehe 4 Machi 1929, mtoto wa tatu wa Mzee Chome na mkewe Chiku, wafuga ng'ombe, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1943, ukame ulipomaliza ng'ombe na karo isipatikane. Mwaka 1947 alianza kuosha vyombo Mombasa, na mwaka 1954 akaajiriwa katika hoteli moja ya ufuoni Diani, enzi hizo Mwafrika akipitia mlango wa jikoni tu, akajifunza kuandika meza, kisu kulia, uma kushoto, na bilauri tatu kwa kinywa kimoja, jambo ambalo baba yetu hakulisadiki mpaka anazikwa.

Alimwoa Kanze Mramba tarehe 12 Novemba 1955, wakaishi Ukunda, wakajaliwa Menza, Shutu, na Chiku aliyepewa jina la bibi yake.

Uhuru ulipokuja alipandishwa kuwa mkuu wa wahudumu, na tarehe 12 Desemba 1964, siku ya Jamhuri, hoteli ikaruhusu wakuu wa kazi walete wake zao kula ukumbini kama wageni. Kanze aliazima viatu kwa jirani, akaketishwa, na marehemu akamhudumia mwenyewe, hakutaka mwingine aguse sahani ya mkewe, akamletea nguru wa siagi. Sasa, kwetu mke haanzi kula hali mume amesimama, kwa hiyo Kanze alilaza uma na kisu pamoja juu ya sahani, visije vikachafua kitambaa cha watu, akakunja mikono kumngoja mumewe aketi. Kumbe kwa watu wa hoteli, uma na kisu vikilazwa pamoja, mlaji amemaliza! Marehemu, mkono ukitangulia macho, akaiondoa sahani nzima akaipeleka jikoni. Kanze alidhani labda ndivyo Wazungu wanavyokula, kwa kutazama.

Asubuhi yake alipomweleza, marehemu alicheka, akacheka tena, kisha akaketi kizingitini akainamisha kichwa. Tangu hapo haikuondolewa sahani nyumbani kwake bila mlaji kuulizwa kama ameshiba, na ninyi watani wake mkamwita Bwana Umeshiba.

Ugonjwa wa tumbo ulimwanza Januari mwaka huu wa 1972, na tarehe 2 Agosti akalazwa hospitali ya Msambweni. Tarehe 18 sauti ilikuwa imekwisha kukatika. Adhuhuri aliletewa wali na samaki, kijiko na uma, shangazi zetu wakimsogezea tonge mdomoni, naye hakufungua kinywa. Alichukua kijiko na uma, akavilaza pamoja juu ya sahani iliyojaa, akamtazama mkewe. Shangazi waliona mgonjwa asiyejiweza. Kanze alimwona mumewe akisema naye, akamuuliza kama ameshiba, marehemu akafumba macho kuitikia, naye akaiondoa ile sahani. Kesho yake, tarehe 19, saa tatu asubuhi, akafariki.

Hicho ndicho alichoondolewa. Na Kanze tangu siku hiyo yuko kama mnavyomwona, anasema hasikii baridi wala jua, hata akijifinya haumii, na machozi yatakuja siku yakitaka, hayaitwi kwa maneno ya watu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni, majirani wa Ukunda waliowalisha watoto, wenzake wa hotelini waliotuletea gari la kumsafirisha, na shangazi zetu pia, maana walisema kwa uchungu. Baada ya maziko kuna chakula, msiondoke. Kanze ametaka akusanye sahani mwenyewe, na atamuuliza kila mmoja wenu, basi mjibuni vizuri. Wewe, Mangi mwana wa Chome, ulikwisha kumjibu. Pumzika kwa amani.