Mzee Msasa na Meza ya Mke Wake

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza kaka yangu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, shangazi wa watoto wake, na nimepewa kazi ya kusoma historia yake kwa sababu wengine wote walimwogopa, na naona wanamwogopa hata sasa hivi akiwa amelala mbele yao. Nililetewa karatasi iliyoandikwa vizuri, ambayo ndani yake kaka anaitwa mpole, mcheshi na mpenda watu, nikaisoma mara mbili nikidhani nimepewa ya marehemu mwingine, basi nimeiacha nyumbani, nitasema ninayoyajua.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Februari 1957, mtoto wa pili wa baba yetu aliyekuwa mlinzi wa ghala, na mama yetu aliyekuwa mshona nguo, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga ambayo dari yake ilikuwa ya mbao zilizopinda, na mama alikuwa akitusimulia kwamba mtoto alipofumbua macho aliitazama ile dari akakunja uso, jambo ambalo nisingeliamini kwa kichanga kingine chochote, lakini kwa huyu naliamini.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kuimaliza Novemba 1971, darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, walimu walimkumbuka kwa jambo moja tu, kwamba hakukubali kukalia dawati linaloyumba, alisimama mpaka litengenezwe, au alilitengeneza mwenyewe kisha akamtazama mwalimu kana kwamba ndiye aliyelivunja. Mwaka 1973 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea useremala, akahitimu Desemba 1975, na siku ya mahafali, wenzake walipokuwa wakipiga picha, yeye alikuwa ameinama chini ya jukwaa akitafuta aliyeligongomea misumari vibaya kiasi kile.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha samani, akaanzia kwenye randa, na mwaka 1981 akahamishiwa chumba cha mashine ya msasa, na kwa ambao hawajawahi kuiona, hiyo ni mashine yenye pipa la chuma linalozunguka kwa kasi, limevikwa karatasi ya msasa kuanzia ncha moja hadi nyingine, na chini yake kuna mkanda wa raba unaoipeleka mbao taratibu, ikiingia upande huu ina makovu, inatokea upande ule ni laini. Humo ndimo kaka alimopata jina la Msasa, na humo ndimo alimojifunza kudharau watu, kwa sababu alisema mashine ile humwanika mtu tabia yake, mwenye pupa anaonekana, mvivu anaonekana, na mwongo anaonekana kabla mbao haijafika katikati.

Mwenye pupa ni yule anayelishusha pipa sana ili amalize haraka, mbao inaungua, inatoka na mistari myeusi, karatasi inachanika, mota inalia, kumbe angeigusisha kidogo tu, apitishe, arudie, apitishe tena, angekuwa ameshamaliza. Mvivu ni yule anayepitisha mbao zake zote katikati ya pipa, karatasi ikalika pale katikati tu, na pembeni ikabaki mpya, au anayeruka kutoka karatasi ya mikwaruzo mikubwa hadi ile laini kabisa bila kupitia ya kati, kisha anashangaa rangi ikipakwa mikwaruzo inajitokeza yote. Mwongo ni yule anayeleta mbao iliyounganishwa kwa gundi akaapa kwamba imekauka, wakati gundi inanata bado, inaingia kwenye karatasi, inaganda, na kuanzia hapo kila mbao inayofuata inachorwa mfereji mahali palepale. Mafundi kadhaa mlioketi safu ile ya pili mmewahi kuitwa mojawapo ya majina hayo, wengine mmeitwa yote matatu kwa asubuhi moja, na nawaona mnatazama chini, lakini nawaona pia mmekuja.

Tarehe 20 Agosti 1983 alimwoa wifi yangu, aliyekuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, na ambaye mpaka leo sielewi alichokiona, na siku ya harusi, watu wote wakisikia, kaka alimwahidi kwamba atamtengenezea meza ya kulia chakula ambayo hakuna nyumba yenye mfano wake. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1984, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1990, na watoto hao wote wawili walikula, wakaandika masomo yao ya nyumbani na wakakua juu ya ubao uliowekwa kwenye makreti mawili ya soda, wakati baba yao akitengeneza meza za watu wengine na kuzisema zote kwamba hazifai.

Tarehe 30 Septemba 1996 kiwanda kilifungwa, wenzake wakapokea kiinua mgongo, yeye akaomba apewe ile mashine badala yake, akapewa kwa furaha kwa sababu ilikuwa mbovu na hakuna aliyejua pa kuitupa. Ililetwa kwa mkokoteni, haikupita mlangoni, kaka akabomoa ukuta wa stoo ya wifi, akatoa nje magunia na masufuria, akaiingiza mashine, akaujenga ukuta upya nyuma yake, akaitengeneza mpaka ikazunguka, na wifi alipouliza vyombo vyake vitakaa wapi, alijibiwa, “Vyombo vina miguu? Vitakaa utakapoviweka.” Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na vumbi kwenye unga, kwenye shuka, kwenye nywele za watoto, na kwenye nguo zilizoanikwa nyumba ya tatu kutoka pale.

Binti alimaliza sekondari mwaka 2002 akaingia kwenye kile chumba kusaidia kupokea mbao upande wa pili, na humo watu walifundishwa kwa kutukanwa tu, kwa hiyo akatukanwa, akajifunza. Alijifunza kuushika ubao mrefu kwa usawa unapoingia na unapotoka, usilale kichwa, kwa maana ukilala pipa linauma ncha zake, alijifunza kuzifuatanisha mbao moja nyuma ya nyingine zikigusana, alijifunza kutopitisha kipande kifupi kisichofika kutoka roli moja ya kukandamizia mbao hadi ya pili, kwa sababu kitageuka humo ndani, na alijifunza kubwa kuliko yote, kwamba mbao ikishaingia haisimamishwi, hata paa likianguka haisimamishwi, kwa maana ikisimama sekunde moja pipa linachimba bonde ambalo halitoki. Kaka hakuwahi kumsifu, alichowahi kusema, na mimi nilikuwepo, ni “Angalau wewe huniharibii karatasi,” na binti alitembea wiki nzima kama amevishwa nishani.

Mwaka 2010 binti alianza kukohoa, akamwomba baba yake waweke bomba la kufyonza vumbi na wavae barakoa, mambo ambayo kila karakana yenye akili inayo, na kaka akamjibu, “Vumbi la mbao halijaua mtu, linaloua ni uvivu,” kisha akamwambia kama mapafu yake ni ya karatasi akafanye kazi ya ofisini. Hapa nitasema wazi, kaka yangu, aliyewacheka watu wote kwa ujinga wao, hakuna aliyemshinda kwa ujinga siku ile. Binti alivua aproni akaiweka juu ya mashine, akaondoka, akafungua karakana yake mitaa miwili kutoka pale, yenye bomba, yenye madirisha, na kaka hakukanyaga huko, akipita njia hiyo alivuka barabara.

Karakana akamkabidhi mwanawe wa kiume, bila kumuuliza kama anaitaka, na huyu kijana wetu, mwenye moyo mzuri na mikono ya kuvunjia, katika mwezi wa kwanza alipitisha ubao wenye msumari, karatasi ikararuka vipande vipande, akapitisha mwingine mfupi ukageuka ndani na kurudi nyuma kama umerushwa, ukatoka dirishani. Baba yake alimwambia maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya kiongozi wa ibada, kijana akaenda kuuza simu, na anaziuza vizuri, na mimi nilifurahi kwa ajili ya vidole vyake.

Kaka akabaki peke yake na dharau zake, na kikohozi, ambacho kilianza mwaka 2015, na alichokiita mafua kwa miaka minne. Tarehe 18 Machi 2019 wifi alimburuta hospitali, daktari wa mapafu akamwonyesha picha, akamweleza kwamba kifua kimejaa makovu ya vumbi na hakitarudi kama kilivyokuwa, na kaka akaiinua ile picha kwenye mwanga akaitazama, akamrudishia daktari akisema, “Hii mmeipiga ikiwa na ukungu.” Alipofika nyumbani aliketi kwenye mlango wa stoo mpaka giza likaingia, hakuwasha mashine, na wifi, ambaye katika ndoa yao yote nilimsikia akipandisha sauti mara chache sana, akamwambia, “Umenipa vumbi miaka yote hii. Kabla hujafa, nataka meza yangu.”

Alianza, alichagua mbao, alizipiga randa, alizipanga na kuziunganisha kwa gundi, akaiacha ikauke kwa muda wa kutosha, kama alivyokuwa akiwatukania wengine, lakini kazi ya mashine ilimshinda, alipitisha msasa kwa mkono kwenye kona moja tu ya ubao ule akaishiwa pumzi, na ubao wenyewe ulikuwa mpana mno, hakuna mashine nyingine mtaani ingeumeza. Ndipo aliponiita mimi, na mimi nikamwambia sitatumwa kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe, ana miguu, basi akaenda, akipumzika njiani, akishika ukuta wa kila nyumba, akasimama mlangoni kwa binti yake akasema, “Kuna ubao.” Binti akamjibu, “Kuna bomba. Bila bomba siji.”

Tarehe 6 Novemba 2021 binti alikuja na bomba lake na mashine ya kufyonza, akatoboa ule ukuta wa stoo apitishe bomba, akampeleka baba yake nje, akamketisha kwenye kiti nyuma ya dirisha, akamvika barakoa kwa mikono yake mwenyewe, na kaka akaivaa huku akilalamika kwamba inanuka hospitali. Tulikuwa pale, wifi na mimi, tukasikia mashine ikinguruma, na kaka akipiga kelele kupitia kioo, umeshusha sana, umepindisha, shika kichwa, na binti hakugeuka hata mara moja, alipitisha ubao kwa mshazari kidogo, akageuza, akapitisha tena, polepole, mpaka karatasi ya tatu, na chumba kile kwa mara ya kwanza kilikuwa hakina vumbi, ungeweza kuona ukuta wa pili. Katika kupitisha kwa mwisho kaka alishikwa na kikohozi kibaya, akainama, barakoa ikamtoka, na sisi tukamkimbilia.

Alipotulia alidai aingizwe ndani, akapitisha kiganja juu ya ubao kutoka ncha hadi ncha, macho amefumba, akafika mahali akasimama, akarudisha kiganja, akasema, “Hapa ulisimamisha.” Palikuwa na bonde dogo, kwa jicho halionekani, kwa mkono linasikika, na nikaiona ile dharau ikimpanda usoni kama kawaida yake, na binti akamwambia, “Nilisimamisha kwa sababu ulikohoa.” Kaka akauacha mkono wake pale kwenye lile bonde, kisha binti akashika ubao aurudishe mashinani ausawazishe, na wifi akasema hapana, iacheni, hiyo ni meza yangu, na imeachwa.

Mchana ule kaka alimwambia binti, mbele ya wifi na mbele yangu, “Hii mashine kaa nayo, hawa wengine wataiua,” na nayasema haya kwa sauti kwa ajili ya wale jamaa watatu ambao tangu juzi wanazunguka nyuma ya nyumba na mita za kupimia, wakijidai wanatafuta kivuli, mashine ina mwenyewe, na ukuta hatubomoi tena.

Kaka alilazwa tarehe 12 Januari mwaka uliofuata, binti akilala kwenye kiti kando yake, na kaka akafariki dunia alfajiri ya tarehe 27 Januari 2022, na ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na watu wengi waliokasirika ambao leo sijui kwa nini wanalia.

Familia inamshukuru daktari wa mapafu, aliyeendelea kumtibu hata baada ya kufundishwa kazi yake, inawashukuru wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliofua nguo zenu mara mbili kwa miaka mingi na jana mkaleta viti bila kuombwa, na mafundi wenzake, waliotengeneza jeneza hili, nimepitisha mkono, halina mkwaruzo, angekunja uso lakini asingepata la kusema.

Kaka yangu, lala, amani iwe nawe, na huko uendako ukimkuta fundi yuko kazini, tafadhali, mwache afanye kazi yake.