Nyuzi za Magunia Mtoni

Ndani ya basi, mama wa kiti cha nyuma alikuwa amefumba macho, lakini masikio hayana kope. Mbele yake mtafiti alikuwa akimweleza mfua magunia kwamba nyuzi ambazo yeye mtafiti anazichuja mtoni, nyembamba kuliko unywele, zinatoka kwenye magunia yake ya plastiki.

“Dada, mimi nayafua tu niyauze tena,” mfua magunia alifoka. “Kiwanda kinachoyafuma kinamwaga maji yake humo humo mtoni. Huko umekwenda?”

“Nimekwenda. Hawakunifungulia geti.”

“Ahaa! Kumbe kosa langu ni kukosa geti.”

Mama wa nyuma akafumbua macho. Usingizi gani tena hapo?

“Usinigeuzie maneno, dada yangu,” mtafiti alisema, chupa zake za kioo zikigongana mapajani. “Samaki tuliowapasua wana nyuzi hizo tumboni. Wanao wanakunywa maji ya wapi?”

“Ya mto huo huo! Na wanakula kwa magunia haya haya. Nikiacha, utawalisha utafiti?”

Basi likasimama. Mfua magunia alishuka na furushi lake, kisha akarudi dirishani.

“Siku ukienda tena kule getini, nipitie, twende wote. Lakini kesho utanikuta pale pale, nafua.”