Ratemo wa Maabara: Pombe Ilimnyima Mtoto, Kimya Kikamnyima Mke

Tarehe 30 Juni, Bw. Ratemo Machuki anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu hapa Homa Bay. Ameniomba nisimpambe kwa sifa, nami nimekubali.

Alikuwa mcheshi. Wagonjwa waliotoka Ndhiwa wakiogopa sindano walicheka kabla hawajakunja mikono ya shati. Yeye ndiye aliyepigania mashine ya kupima homoni, tukaacha kupeleka damu Kisumu.

Lakini jioni alikunywa chang'aa, ile pombe kali ya magendo, mpaka akabebwa. Yeye na mkewe, Mourine, hawakujaliwa mtoto. Mama yake Ratemo akamwita Mourine tasa mbele ya majirani, Ratemo akanyamaza. Mwishowe Mourine alifunga virago, akarudi kwao Migori.

Miaka ilipita. Ratemo akaanza kuvimba matiti, nguvu zikamwisha. Daktari Fardowsa alimpima damu.

"Homoni yako ya kiume imeshuka sana," alimwambia. "Inatengenezwa kwenye korodani, na pombe imeziumiza. Ini nalo limechoka, homoni ya kike imezidi, ndiyo maana unavimba. Na mbegu zako ni chache mno. Mkeo alipimwa?"

"Alipimwa hapa hapa. Hakuwa na kasoro."

"Na wewe?"

"Sikutaka."

Aliacha pombe, kwa taabu kubwa. Kisha akawakalisha mama yake na ndugu zake, akawaambia, "Mourine hakuwa na shida. Shida ilikuwa mimi." Mama yake aliinuka akatoka nje.

Akaenda Migori. Mourine, anayeuza vitambaa sokoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Maneno hayo niliyahitaji nikiwa uani kwa mama yako," alisema. "Sasa nimezeeka, Ratemo. Nenda salama."

Tangu hapo hakumpima uzazi mke wa mtu kabla ya kumwita mume naye. Waume wengine walimtukana, wengine walikasirika wakaondoka. Wachache waliacha chupa, na baadhi yao wamewahi kuja kutuonyesha watoto wao. Ratemo huwabeba, huwachekesha, kisha huingia ndani kuosha mikono, akakawia.

Mzee Ratemo, asante kwa kazi yako. Nyumbani hakuna wa kukufungulia mlango, na hatutajifanya hatujui. Tunakuombea afya, na jioni zisizo ndefu mno.