Fundi Fumua, Aliyebomoa Bila Kuvunja

Ndugu waombolezaji, shemeji kanionya nisitie chumvi katika historia hii ya mumewe, basi nimepunguza nusu nzima, na hiyo iliyobaki ni kweli tupu.

Marehemu kaka yetu, mliyemjua kwa jina la Fumua, alizaliwa tarehe 4 Machi 1953, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na mama alituapia kwamba mtoto alipotoka tu aliukamata mguu wa kitanda akautikisa, aone kama umelegea.

Alianza shule mwaka 1961, hapo nyuma ya stesheni, akaishia darasa la sita, siku mwalimu mkuu alipokalia kiti ambacho Fumua alikuwa amekifungua ili aone kilivyoungwa, akakirudishia bila gundi.

Mwaka 1970 aliingia kazi ya kubomoa majengo, na wakati wenzake wanaangusha kuta kwa nyundo, yeye anaanzia juu, kilichopigiliwa mwisho ndicho anakitoa kwanza, bati, kenchi za mbao zinazobeba paa, dari, fremu, tofali analikwangua kama anamwogesha mtoto mchanga, misumari anainyoosha juu ya jiwe, na sisi wadogo zake tukipita tunamuuliza kama nyumba ameiomba ruhusa, naye anajibu kwamba anangoja imjibu.

Siku moja alitumwa kuezua nyumba, akaezua ya jirani, wenyewe wametoka kwenda kumwona mgonjwa, waliporudi wakakuta jua limekaa sebuleni, baba mwenye nyumba akataka kumla mzimamzima, lakini kabla ya magharibi paa lilikuwa limerudi, tena lile lililovuja tangu dunia iumbwe likakoma kuvuja kabisa, ndipo binti wa nyumba, mshonaji, akasema fundi huyu arudi tena, ila aje na wazazi wake, wakafunga ndoa tarehe 11 Juni 1977.

Walijaliwa mabinti wawili na mvulana, mwaka 1978, 1981 na 1986, akawajengea nyumba ya masalia ya majengo aliyoyabomoa, mlango wa benki, madirisha ya hospitali, ngazi ya hoteli, wageni wakienda chooni tunawatafuta siku mbili.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2024, nyumba hiyo ilipigwa alama nyekundu kupisha barabara, Fumua akasema ataifumua kwa mkono wake, akapanda, akatoa bati moja, kifua kikambana, akalazwa hospitali kuu, na kila tukienda kumwona swali lake lilikuwa moja tu, je, tingatinga limefika, hadi tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na mafundi wenzake mliombeba, kwa uzito ule sijui mliwezaje.

Watu wa barabara wametupa mpaka Ijumaa, watoto walibishana, mvulana akataka tingatinga limalize tu, lakini jana dada yake mkubwa alivaa suruali ya kazi ya baba yao akapanda kwenye paa, na aliyemshikia ngazi ni huyo huyo mvulana, kwa hiyo kesho asubuhi tunaendelea, mwenye mtaimbo aje nao, mwenye nyundo kubwa aiache kwake.

Pumzika kwa amani, kaka, huku juu tupo sisi.